Koti la Baba Yake Bi Kadzo

Mwanangu Rukia,

Umetoka baada ya adhuhuri kwenda Likoni kumuaga shangazi yako, na najua feri haitakurudisha kabla ya magharibi. Nimeifunika cherahani, nimerudisha mlango wa barazani, na nimeketi kitandani kwako kwa sababu ndipo penye mwanga. Begi lako liko hapa miguuni pangu. Sitakuandikia habari za kula, kulala na kuvuka barabara za Nairobi. Hayo nimeyasema mpaka umenichoka. Nakuandikia jambo moja ambalo mdomo wangu umekataa kulitoa tangu siku uliponisomea barua ya kazi.

Uliisoma umesimama, unacheka. Ukanieleza kuwa ni kampuni ya mnada wa mtandaoni, inauza saa za kale, vyombo, barua za watu waliokwisha kufa, na nguo pia, hata sare za askari wa vita vya zamani. Kazi yako ni kuvipiga picha vitu hivyo, kuvichunguza, na chini ya kila kimoja kuandika kama ni halisi au ni bandia. Nikakupa hongera, nikaingia jikoni. Uliponifuata ukanikuta nalia, ukadhani ni furaha.

Rukia, mimi nimeshona sare hizo. Za bandia. Nilizishona hapa hapa Mishomoroni ulipokuwa kidato cha pili, na ulikuwa ukirudi shule unanisalimu, ukinipita barazani nami nimezilaza mapajani.

Aliyeniletea kazi aliitwa Sudi. Huenda unamkumbuka, yule bwana wa viatu visivyoshika vumbi aliyekuwa akikuita profesa. Alikodi chumba Kongowea, nyuma ya maghala ya vitunguu, na humo alikuwa amejaza redio mbovu, dira, taa na masanduku ya bati. Mara ya kwanza alikuja na koti moja la kaki la askari wa zamani, la kweli, alilolinunua kwa familia moja ya bara. Lilikuwa limefumuka kwapani, akataka nilishone pale tu. Nililigeuza ndani nje, nikasahau kuwa yupo. Mshono ulikuwa mdogo, umebana, umenyooka kama mstari wa daftari. Vifungo vilikuwa vya chuma, vimelika upande mmoja kwa miaka ya vidole vya mtu yule yule.

Sudi alikuwa ananiangalia. Akasema, "Fundi, unaweza kushona jingine kama hili?"

Nikamjibu, "Kwa nini nisiweze?"

Akasema ni la maigizo. Nilimwamini, na kwa lile la kwanza sijilaumu. Lakini aliporudi kwa la pili alitaka lizeeshwe. Lizeeshwe kola, lizeeshwe mapindo, mpaka ndani ya mifuko. Nguo ya maigizo hakuna anayeitazama ndani ya mfuko. Hapo nilijua, mwanangu. Sikudanganywa. Nilijua, nikaendelea kutunga uzi.

Usije ukajiambia mama alifanya hivyo kwa ajili ya karo yako. Watu wangenionea huruma kwa jibu hilo, na mara nyingi nimetamani kulitumia. Karo yako alikuwa akiilipa baba yako, Mungu amrehemu, kwa kazi yake ya Changamwe, na hatukulala njaa. Mimi nilishona kwa sababu nilisifiwa. Miaka ishirini nilikuwa nimeshona sare za shule, mabuibui na foronya za viti, na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kugeuza nguo yangu kutazama upande wa ndani. Sudi aligeuza. Alivaa miwani, akapitisha ukucha juu ya mshono, akasema, "Mkono huu umepotea bure kwenye sare za watoto." Neno hilo lilinilevya.

Nilijifunza kuzeesha nguo kama mtu anavyojifunza dawa. Niliichemsha kwa majani ya chai, nikaianika juu ya bati wiki nzima, nikaisugua kwa msasa, nikaipangusa kwa kitambaa cha mafuta ya taa ili inuke uzee. Nayajua makosa yake pia, kwa sababu ni yangu. Chai huingia kila mahali sawasawa, hata ndani ya mshono, lakini jua halifanyi hivyo. Koti lililovaliwa juani limepauka mabegani, na ukiinua kifuniko cha mfuko au ukikunjua kola unakuta rangi ya kwanza imejificha pale, mbichi. Ukikuta chini ya kifuniko na juu yake ni rangi moja, simama hapo. Jasho nalo hutoka ndani kwenda nje. Doa lililo kubwa zaidi nje kuliko kwenye bitana ya ndani limemwagwa. Mdudu wa kabatini hatoboi kwa mpango, na matundu yangu yote niliyatoboa kwa msumari mmoja, ukiyapima utakuta ni ndugu. Na mwanajeshi alishona mwenyewe nguo yake ilipochanika, vibaya, kwa uzi wowote aliopata. Sikuwahi kuweza kuiga mshono wa mtu asiyejua kushona. Mkono wangu ulikataa.

Siku moja Sudi aliniita chumbani kwake nione mnada wenyewe kwenye simu. Koti langu lilikuwa limetandazwa juu ya shuka jeupe, na chini yake bei ilikuwa inapanda, watu wa nchi nisizozijua wananyang'anyana kazi ya mikono yangu. Mmoja aliandika Kizungu, Sudi akanitafsiria: mafundi wa namna hii hawapo tena duniani. Nilirudi nyumbani nikitembea kama bibi harusi. Siku ile uliniuliza mbona nimefurahi, nikakuambia nimepata mteja mzuri.

Sasa nifike kwa Bi Kadzo.

Huyu huhitaji kuelezwa. Ulikunywa uji kwake kila nilipochelewa, ukajifunza Kigiriama chake mpaka ukawa unanisema kwacho nisielewe. Na kama mimi, ulikisikia kisa cha baba yake mara mia. Charo Mwaringa, wa Kaloleni, aliyechukuliwa kwenda vitani Bi Kadzo akiwa bado tumboni. Waingereza wakampeleka Burma, Asia ya mbali. Haikurudi barua, haikurudi habari, hakuna kaburi. Bi Kadzo alikuwa akisema, "Mimi ni mtoto wa jina. Baba sikumwona, nina jina lake tu."

Tulipofika koti la saba, lililokuwa la mwisho, Sudi akaja na agizo lile lile alilokuwa akilitoa kila mara: nitie jina la mwenyewe ndani ya kola, kwa wino uliopauka, maana koti lenye jina lina hadithi, na hadithi ndiyo wanunuzi wanayoitaka. Mwanzoni alikuwa akiniletea majina mwenyewe. Mara hii akasema, "Tia lolote la kizamani la huku kwetu, fundi, mimi yamenishia." Nikainua kichwa. Ng'ambo ya njia Bi Kadzo alikuwa ameketi kizingitini akichambua mchicha. Nikaandika C. Mwaringa. Sikufikiri hata muda wa kutunga sindano.

Miezi ikapita, nikasahau. Halafu siku moja Katana, mwanawe Bi Kadzo, akavuka njia mbio na simu mkononi, anapiga kelele kama timu yake imefunga bao. Mtu aliyelinunua lile koti mnadani, mwalimu mstaafu huko Ulaya, alikuwa ameona jina ndani ya kola na hakutaka kulikalia. Alitafuta mtandaoni jamaa za Mwaringa wa pwani ya Kenya, akampata binti wa Katana. Hataki malipo. Alikuwa ameandika, "Hili ni lenu, si langu. Nalituma nyumbani."

Nilimwambia Katana, "Alhamdulillahi." Ndilo neno nililoweza.

Boksi lilipofika vigelegele vilisikika mpaka barabarani. Nilijifungia ndani, nikajifanya nina homa. Katana akaja kunigongea. "Mama Rukia, kifungo kimekatika njiani. Twakuomba uje. Mama hataki fundi mwingine alishike."

Nikaenda. Nikamwamkia, "Shikamoo, Bi Kadzo."

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Njoo umuone baba."

Alikuwa amelilaza mapajani kama mtoto mgonjwa. Nyumba imejaa watu. Akanivutia karibu naye, akanishikisha mkono wa koti. "Mikono yake ilikuwa mirefu, waona? Kama ya Katana. Nusa hapa." Nikanusa. "Hiyo ndiyo harufu ya baba. Miaka yote hii nilikuwa nikijiuliza ananukaje."

Ilikuwa harufu ya chai yangu na mafuta yangu ya taa.

Nilijichoma sindano mara mbili nikikishona kifungo kile, mpaka binti mmoja akacheka, akasema fundi kashikwa na msiba. Ndipo Katana aliponieleza yaliyobaki. Wazee wa kwao walikuwa wamekubaliana. Mtu aliyefia mbali, kitu chake kikipatikana, kinaletwa nyumbani na kuzikwa, naye hupumzika. Kaburi lingechimbwa Kaloleni, ubavuni mwa mama yake Bi Kadzo, aliyekufa akiwa bado anamngoja mumewe. Safari ilikuwa Jumamosi. Siku ile ilikuwa Jumatano.

Alhamisi asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Sudi kabla hajafungua. Nikamweleza yote. Hakushtuka. Alinimiminia kahawa.

"Sasa kosa liko wapi?" akaniuliza. "Bibi amepata baba. Mwache azike. Wewe umempa kitu ambacho serikali mbili zimeshindwa kumpa."

Nataka ujue kuwa maneno hayo yaliniingia. Niliyapenda. Kwa dakika nzima niliona kama kweli nimefanya wema. Kisha nikaona ule mchanga ukirudishwa juu ya chai na mafuta ya taa, na mchungaji akisema jina la mtu, nami nimesimama kando nimejifunika leso. Nikamwambia Sudi nitasema.

Hapo akaweka kikombe chini. "Sema. Lakini fikiri kwanza. Polisi wakisikia fundi wa Mishomoroni anashona magwanda ya jeshi, unadhani watauliza ni ya vita gani? Mimi nimeuza vitu vya kale, na cheti nilichokitoa kinasema nilivipata kwa familia. Mkono ulioshona ni wako. Na una binti, fundi. Profesa."

Alilitaja jina lako la utani akitabasamu. Nilitoka pale bila kuinywa kahawa yake. Siku mbili sikula. Kila gari lililopunguza mwendo njiani kwetu, nilisimama. Nikajiambia nitakwenda kwa Bi Kadzo Ijumaa baada ya sala. Ijumaa ikapita. Baba yako aliniuliza nina nini, nikamwambia ni mgongo.

Jumamosi pikapu ililetwa mbele ya nyumba yao. Wanawake walikuwa wamekwisha kupanda. Bi Kadzo alikuwa ameketi mbele karibu na dereva, amelikumbatia koti ndani ya shuka jipya, na dereva amewasha injini. Mimi nilikuwa nyuma ya dirisha hili la chumba chako. Wallahi, sijui ni nini kilichonitoa. Sikuamua. Nilijikuta njiani mbele ya pikapu, kichwa wazi, nimeshika mkasi.

Nikasema, "Msende. Koti hilo nimelishona mimi."

Katana alidhani nimepatwa na wazimu. Alishuka akanishika bega taratibu. "Mama Rukia, rudi ndani upumzike." Nikarudia. Taratibu zikamwisha. Akasema koti lina cheti. Akasema mzungu amelipima. Akasema, na watu wakamwitikia, kwamba nimeona wivu kwa sababu kwao kumerudi mtu na kwetu hakukurudi kitu. Nikaomba kiberiti. Nikavuta uzi kwenye pindo lililochomoza nje ya shuka, nikauchoma mbele yao. Uzi wa pamba wa siku zile huwaka ukawa jivu. Ule wangu wa nailoni uliyeyuka ukawa kidonge kigumu cheusi. Katana akasema uzi ni kitu kidogo, pengine lilitiwa pindo jipya baadaye. Na alisema kweli, ingewezekana. Ushahidi mmoja hautoshi, mwanangu, hata unaposema kweli.

Basi nikamgeukia Bi Kadzo. "Nipe bega moja tu. Nikiwa nasema uongo, nizikeni nalo."

Akafunua shuka, akanipa.

Nilijua kilichokuwa ndani. Mabega ya koti lile yalihitaji kujazwa ili yasimame, na siku ile sikuwa na kitambaa kingine cha kujazia. Nikapasua mshono, nikatia vidole viwili, nikavuta. Kikatoka kitambaa cha mirabaraba ya kijani na nyeupe.

Bi Kadzo ndiye aliyenyoosha mkono akakichukua, akakifikicha kwa kidole gumba.

"Hii ni sare ya Rukia," akasema. "Ya shule ya msingi. Nimeifua mwenyewe."

Dereva akazima injini.

"Na jina," akaniuliza, "ni wewe uliyelitia?"

"Ni mimi."

"Ulilipata wapi jina la baba yangu?"

"Kwako, Bi Kadzo."

Hakunitukana. Ningefurahi angenitukana. Alishuka kwenye pikapu bila kukubali mkono wa mtu, akaingia ndani, akafunga mlango, na wale wanawake wakabaki juu wamekaa na nguo zao za msibani hawajui washuke au la. Katana alikwenda Kaloleni peke yake kufukia kaburi. Mpaka leo sijui kama alitia kitu ndani yake.

Wewe siku ile ulikuwa shuleni kwa masomo ya ziada. Uliporudi nikakuambia tumegombana na jirani kwa sababu ya tangi la maji, na nikakukataza kwenda kule. Ulilia. Ulinikasirikia wiki nzima, ukasema Bi Kadzo hawezi kugombea maji. Ulikuwa na haki. Nilikunyang'anya bibi yako ili nisionekane mbaya machoni pako, na kwangu mimi hilo ni zito kuliko makoti yote saba. Baba yako nilimweleza usiku ule ule. Wewe nilikuficha miaka saba.

Sudi alihama. Nilipopita Kongowea mwezi uliofuata chumba chake kilikuwa kimejaa vitunguu. Binti wa Katana alimwandikia yule mwalimu, naye akajibu mstari mmoja tu, kwamba anaomba radhi kwa kumsumbua mama mzee. Yeye ndiye aliyeomba radhi. Polisi hawakuja, lakini ilichukua muda mrefu kabla sijaweza kusikia gari likisimama nje nikaendelea kushona.

Na Bi Kadzo, miezi mingi baadaye, alisimama mbele ya baraza yetu akiwa na fimbo yake. Nikainuka. Hakunijibu shikamoo. Akauliza, "Ile harufu. Ilikuwa ya nini?"

"Chai, Bi Kadzo. Na mafuta ya taa."

Akatikisa kichwa polepole. "Nilikaa naye siku tatu," akasema. "Nilikuwa nimeanza kumzoea." Kisha akaenda zake. Hatujazungumza tena zaidi ya salamu, na salamu zenyewe alianza kunipa mwaka jana tu. Kesho kabla ya kwenda kituoni pitia kwake. Anajua kuwa unasafiri. Sina ruhusa ya kukuomba umwambie chochote kwa niaba yangu, na sikuombi.

Kazini kwako utaonyeshwa taa ile ya bluu ya kukagulia noti. Nyuzi nyingi za siku hizi humulika chini yake. Utaonyeshwa vitabu vya vifungo na nembo. Vijifunze vyote, utanizidi. Mimi nitakuongezea kitu kimoja tu ambacho sijui kama kimo vitabuni. Muuzaji akianza kwa kukusimulia askari alikuwa nani kabla hajakuonyesha upande wa ndani wa nguo, omba upande wa ndani. Akikutumia picha za mbele tu, omba upande wa ndani. Na hadithi ikikutoa machozi, yafute kwanza, kisha uombe upande wa ndani. Koti moja nililipenda mimi mwenyewe niliyelishona, nikakaribia kuliamini. Usiitegemee huruma yako kukuambia ukweli, na usijione mwovu kwa sababu umeiweka kando kwa dakika kumi.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya pili. Nimeandika majina sita, yale niliyoyatia kwenye makoti mengine, na kando ya kila jina nimeeleza nilivyolikata koti, vifungo vyake, na nilichojazia mabegani. Sijui yako wapi. Huenda yananing'inia kabatini kwa watu wasiojua lolote, na huenda moja likawekwa mezani kwako wiki ya kwanza. Likija, usilipitishe upesi ili kunisitiri, wala usiliweke kando ukasema huna hakika. Andika bandia. Wakubwa wako watakuuliza umejuaje, maana utakuwa mgeni pale na koti litakuja na cheti. Waambie lilishonwa na mama yako, anaitwa Zuhura, yuko Mishomoroni, na akiitwa atakuja.

Mimi niliyekuzaa,
Mamako